Shemeji, Hata Wewe Uliona Fotokopi

Juzi nilituma katika kundi letu la familia picha ya kadi niliyonunua dukani karibu na Montignac, kusini-magharibi mwa Ufaransa: fahali mweusi wa michoro ya kale ya pango la Lascaux, mwenye urefu wa zaidi ya mita 5, pembe zake zimechorwa kwa mkono usiotetemeka, miguu ikikaribia kuondoka ukutani. Dakika haikupita, shemeji yangu wa Arusha akaandika: "Yaani umepanda ndege, treni na teksi kwenda kuona fotokopi?" Vicheko vikamiminika, na mama mkwe, ambaye kwa kawaida hutuma dua tu, naye akatia kikaragosi cha kucheka. Nilinyamaza kwa heshima yake yeye, si kwa kukosa la kusema.

Ni kweli nililolipia ni nakala. Pango lenyewe la Lascaux limefungwa tangu 1963, na anayekwenda leo huonyeshwa lililotengenezwa na binadamu wa zama zetu. Kinachonichoma ni kwamba shemeji, na wengi wanaofikiri kama yeye, huona mlango uliofungwa kuwa ni utapeli, kana kwamba nauli ya mgeni inampa haki ya kuingia kila shimo duniani.

Mimi nilifikia Les Eyzies, kijiji chenye barabara kuu moja, kandokando ya mto Vézère, chini ya jabali la chokaa linaloning'inia juu ya nyumba kama paa la pili. Baadhi ya nyumba zimeegemezwa kwenye mwamba wenyewe, ukuta wa nyuma ukiwa ni jiwe tupu. Wenyewe wanakiita mji mkuu wa dunia wa historia ya kale, cheo kikubwa kwa mahali ambapo Jumapili huwezi kupata basi wala mkate baada ya saa saba mchana. Hata hivyo siwezi kuwabishia sana. Mwaka 1868 vibarua waliokuwa wakichimba hapo wakati wa ujenzi wa njia walifukua mifupa ya watu wa kale mahali paitwapo Cro-Magnon, na jina hilo limeingia katika vitabu vya shule vya dunia nzima. Pamoja na mifupa hiyo yalikutwa makombe ya bahari yaliyotobolewa ili yavaliwe. Bahari iko mbali na hapo, safari ya siku kadhaa kwa miguu. Mimi niliyezaliwa mwambao nilisimama mbele ya kibanda kile cha mwamba nikajiuliza ni nani aliyeyabeba, na aliyapata kwa kubadilishana na nini.

Juu ya kijiji, kando ya jumba la makumbusho, ipo sanamu ya mtu wa kale iliyochongwa na Paul Dardé na kuwekwa mwaka 1931. Mabega yameshuka, kidevu kimetangulia, mikono inaning'inia. Anafanana na mtu aliyesubiri basi la Jumapili. Watu wa Cro-Magnon walisimama wima kama wewe na mimi, lakini sanamu imebaki, na watalii wanapiga nayo picha.

Turudi kwenye fotokopi. Septemba 12, 1940, Ufaransa ikiwa imeshindwa vita miezi michache tu nyuma, vijana wanne wakiongozwa na Marcel Ravidat, fundi mwanagenzi, walijipenyeza katika shimo kwenye kilima cha Lascaux na kukuta kuta zimejaa farasi, fahali na paa. Mmoja wao, Jacques Marsal, alikuwa bado mtoto. Alipiga hema mlangoni ili kulinda pango, na sehemu kubwa ya maisha yake iliyobaki aliitumia hapo hapo. Mwaka 1948 pango likafunguliwa kwa wageni. Sakafu ilichimbwa, taa zikawekwa, mlango ukapanuliwa, na katikati ya miaka ya 1950 watu wapatao 1,200 waliingia kwa siku moja. Kila mmoja aliingia na pumzi yake, jasho lake, na vumbi la viatu vyake. Michoro iliyokaa gizani kwa takribani miaka 17,000 ikaanza kuugua mbele ya macho ya watu waliokuja kuipenda. Mwani wa kijani ukaota ukutani. Chokaa nyeupe ikaanza kutanda. Mwaka 1963 waziri wa utamaduni, André Malraux, akafunga mlango. Ugonjwa haukuishia hapo, kwani mwaka 2001 kuvu jeupe lilienea pangoni, na baadaye yakatokea madoa meusi.

Kwa hiyo walipoamua kutengeneza nakala, hawakuwa wanatuuzia picha badala ya kitu. Mchoraji Monique Peytral alitumia takribani miaka kumi akichora upya fahali wale kwa rangi za udongo na madini, akifuata kila uvimbe wa ukuta, na mwaka 1983 nakala ya kwanza ikafunguliwa mita kama 200 tu kutoka pango la asili. Ile kubwa zaidi, inayoitwa Lascaux IV, ilifunguliwa Desemba 2016 chini ya kilima. Nilipoingia, mwili ulijua baridi ya pango na shingo ilijua kuinama. Nilipoinua macho, fahali alikuwa juu yangu, na kwa dakika nzima nilisahau kabisa kwamba amechorwa na watu waliokuwa na bima ya afya.

Nakiri, tena kwa shingo upande, kwamba shemeji hakukosea kila kitu. Nakala haina kimya. Kundi letu lilisukumwa na kundi la nyuma yetu, na mtoto mmoja aliuliza mara nne choo kiko wapi. Vyumba vya mwisho vina skrini nyingi kuliko subira yangu. Vilevile hainifurahishi kwamba wataalamu wachache bado huingia pangoni wakati sisi tunabaki nje, ingawa nikifikiri vizuri naona lazima awepo wa kumpima mgonjwa joto.

Anayetaka kitu halisi, bonde la Vézère bado linacho, mradi akubali masharti. Kule Rouffignac, ambako mamothi, wale tembo wa kale wenye manyoya, zaidi ya mia moja wamechorwa ukutani, unaingia kwa kigarimoshi cha umeme, na kwenye dari yao maarufu utaona majina ya watu yaliyoandikwa kwa moshi wa mshumaa juu ya wanyama wenyewe. Hao waliingia bila kuzuiwa na mtu, na wakatuachia majina.

Asubuhi iliyofuata nilipanda njia ya Font-de-Gaume, nje kidogo ya Les Eyzies. Wageni wanaoruhusiwa kwa siku ni wachache, na siku iliyotangulia nilikuwa nimegeuzwa mlangoni, jambo lililonifanya nitembee kilomita kadhaa chini ya miti ya jozi nikinung'unika peke yangu, nikikanyaga maganda. Safari hii nilipata nafasi. Mabegi yalibaki nje. Tulipita katika mwanya mwembamba ambao tulilazimika kuupita kwa ubavu, mikono imebanwa kifuani ili isiguse ukuta. Kiongozi wetu alisimama mbele ya ukuta uliokuwa mtupu, akashusha tochi yake chini, akaisogeza polepole kuelekea kushoto. Mgongo wa nyati ukajitokeza. Sikuwa nimeuona kwa sababu nusu yake haikuchorwa: aliyeuchora aliona mwamba umevimba kama bega, akauachia mwamba ufanye kazi, akaongeza rangi pale tu palipohitajika. Tochi ilipoondoka, nyati naye aliondoka. Tulikaa ndani chini ya saa moja, na sikumsikia mtu akilalamika kwamba ni muda mdogo.

Sasa shemeji anisikilize vizuri. Katika miaka ya 1920 msichana wa Kiingereza wa miaka 12, binti wa mchoraji, aliletwa na wazazi wake katika kijiji hiki hiki cha Les Eyzies, akaruhusiwa kuokota zana za mawe katika vifusi vya wachimbaji. Msichana huyo ndiye aliyekuja kuitwa Mary Leakey. Ndiye aliyeokota fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, pale Oldupai mwaka 1959, ndiye aliyenakili michoro ya miambani ya Kondoa, na ni timu yake iliyofukua nyayo za wahenga wa binadamu pale Laetoli, karibu na Oldupai, kuanzia 1978, nyayo za miaka zaidi ya milioni 3.6. Nyayo hizo zilifukiwa tena zikalindwe na udongo, lakini mizizi ya migunga ikazifuata humo humo, hivyo katikati ya miaka ya 1990 zikafunuliwa, zikatibiwa na kufukiwa upya kwa uangalifu zaidi. Katika jumba la makumbusho la Oldupai mgeni huonyeshwa nakala iliyotolewa kwa kalibu.

Picha ya shemeji katika kundi la familia, kwa miaka miwili sasa, ilikuwa ni yeye mwenyewe pale Oldupai, amevaa kofia ya safari, amechutama kando ya nyayo hizo kwa unyenyekevu wa mtu aliyekutana na babu yake. Nilimwandikia pembeni, si mbele ya mama mkwe. Hajajibu, ila tangu jana asubuhi picha yake ni ya mbuzi.