Umeona, Shemeji?

Ile mashine ya kukatia nyasi, ya kukalia kama trekta la watoto, niliipata ikiwa imeshatumika. Aliyeniachia alinikabidhi ufunguo haraka haraka, kama mtu anayemtoa mgeni msumbufu mlangoni, na hapo ndipo ningetakiwa kushtuka. Sikushtuka. Nilipanda, nikakanyaga breki, nikazungusha ufunguo, injini ikanguruma. Nikaachia visu, nikaanza kukata nyasi kidevu juu.

Hata sijafika mbali, nikaona kitu mbele kama jiwe. Nikainuka kidogo kitini nichungulie. Ikazima. Nikakaa, nikawasha, ikawaka vizuri kabisa. Nikasogea, nikainuka tena. Ikazima tena.

Asubuhi nzima nilihangaika. Nikikaa, inawaka, nikishuka niikague injini ikiwa inafanya kazi, inakata roho. Sasa mgonjwa gani huyu, ukimsogelea tu anajifia? Nikafungua boneti, nikaangalia nyaya, nikapuliza vumbi, nikagonga gonga betri kwa mpini wa bisibisi kwa sababu niliwahi kuona mtu akifanya hivyo. Mwishowe nikakubali yaishe, nikampigia shemeji.

Shemeji wangu, kaka yake mke wangu, ni fundi pikipiki, na anaamini kila kitu chenye injini ni pikipiki iliyopotoka kidogo. Alikuja, akanitazama nikiinuka na kukaa mara tatu, akacheka mpaka akaishika fenda asianguke.

"Shemeji, chini ya kiti kuna swichi. Ukiinuka wakati visu vinazunguka, au hujafunga breki ya kuegesha, inakata cheche. Wameiweka makusudi, ukidondoka visu visije kukufuata. Mashine hii inataka makalio."

Mwanangu wa miaka 9 alikuwa amesimama pembeni. Lile neno alilipokea kama zawadi, akalitangaza nyumba nzima.

Basi, hilo likaisha. Wiki hiyohiyo nikakutana na jambo dogo sana, dogo mno hata halikustahili kumwita fundi. Mfuniko wa tenki la petroli uko kwenye fenda, karibu na goti langu la kushoto, na mpira wake ulikuwa umechakaa. Nikipita kwenye mwinuko, petroli inarukia suruali. Mke wangu alivumilia siku mbili. Siku ya tatu akaniambia, "Baba watoto, chumbani kwangu si kituo cha mafuta." Nikachukua nailoni nyeusi, nikaikata duara kwa mkasi, nikaishindilia ndani ya mfuniko, kwenye nafasi ya ule mpira, nikafunga na kukaza kwa nguvu zangu zote. Halikutoka hata tone. Nikajipongeza, nikasahau kabisa kwamba nimewahi kufanya hivyo.

Kuanzia hapo ndipo shida ilipokuja. Mashine inawaka safi, inakata nyasi kama dakika 20 hivi, halafu inaanza kukohoa. Inakohoa, inatweta, mlio unapanda na kushuka, kisha kimya. Na safari hii makalio yalikuwa mahali pake, nathibitisha. Ukiiwasha palepale, stata inazunguka tu, injini haishiki. Ukiiacha kama nusu saa, inawaka kama hakuna kilichotokea. Dakika 20, kikohozi, kimya.

Shemeji akaja na mfuko wake wa spana. Sasa sikiliza utaratibu wake, maana humo ndimo tulimopotelea. Kabla hajagusa chochote, alifungua mfuniko wa tenki, akachungulia. "Petroli ipo." Akafunga. Ndipo akatoa plagi, ile inayorusha cheche ya kuwasha petroli ndani ya injini, akaiinua juani, akaizungusha. Ilikuwa kavu kabisa. Akaipiga brashi, akapima mwanya wake, milimita 0.76, akairudisha kwa heshima zote. Nikazungusha ufunguo. Injini ikashika mara moja.

"Umeona, shemeji?" akasema, akijifuta mikono. "Plagi."

Nikaona. Dakika 20 baadaye nikaona kingine.

Siku ya pili: akafungua mfuniko, akachungulia, petroli ipo, akafunga. Akatoa chujio la hewa, akalikung'uta kwenye tairi, likatoa vumbi ambalo lingetosha kufinyangia chungu. Akarudisha. Ikawaka. "Umeona? Ilikuwa haipumui." (Neno hilo la kutopumua nilikuja kulikumbuka baadaye, nikaona jinsi mtu anavyoweza kusema kweli kwa bahati mbaya.)

Siku ya tatu ilikuwa ya kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Nilimwogopa shemeji siku hiyo, alikuja na kitambaa kichwani. Petroli ipo, akafunga. Akafungua kile kikombe cha chini cha kabureta, tukakuta utelezi wa kijani na harufu ya petroli ya zamani, ile inayofanana na rangi ya kupakia mlango. Kuna tundu humo la kupitishia petroli, linaitwa jeti, jembamba kiasi kwamba uzi mmoja wa waya ndio unaopita. Akalizibua, akapuliza, jicho moja limefumba. Nilikuwa nimeshika tochi na skrubu tano mdomoni, kwa hiyo alipoangusha kile kispringi kidogo kwenye nyasi sikuweza hata kupiga yowe. Tulikitafuta watu wanne kwa magoti, kwenye nyasi ambazo, kwa sababu zinazoeleweka, zilikuwa hazijakatwa. Mke wangu ndiye aliyekiona. Alitukabidhi bila neno, na bila neno kwake ni hotuba.

Kabureta ikarudi. Ikawaka. "Umeona, shemeji?"

Dakika 20.

Siku ya nne shemeji alikaa chini, akaitazama mashine kwa muda mrefu, kisha akatoa hukumu: koili, ile inayoipa plagi umeme wa cheche. Koili ikichoka, alisema, ikiwa baridi inatoa cheche, ikipata moto inakata, ikipoa inarudi. Na hilo ni kweli, koili hufanya hivyo hasa. Ila ingekuwa koili, plagi ingetoka imelowa petroli isiyoungua. Yetu ilitoka kavu kama mfupa, maana yake petroli ndiyo haikuwa ikifika. Tuliiona kavu, tukaisifia kwa usafi.

Akaondoka kutafuta koili. Nikabaki nimekaa kwenye ile mashine iliyozima, katikati ya uwanja uliokatwa nusu, na mwanangu pembeni.

"Baba," akasema, "mbona mjomba akifungua tenki linavuta pumzi?"

"Linavuta nini?"

"Pumzi. Linafanya hivi: fyuuu."

Nikataka kumwambia matenki hayapumui, akacheze. Lakini mkono ulikuwa karibu na mfuniko. Nikauzungusha polepole, kwa mara ya kwanza bila shemeji kuwa anaongea pembeni yangu.

Fyuuuuuu.

Mbavu za lile tenki la plastiki, zilizokuwa zimebonyea ndani kama mashavu ya mtu anayenyonya mua, zikarudi nje kwa mlio mdogo: tok. Nikageuza mfuniko. Mle ndani, nyeusi, safi, imekaa sawasawa kama fundi aliyesomea ndiye aliyeikata, ilikuwa nailoni yangu.

Mfuniko wa tenki una kitundu kidogo cha kupitisha hewa. Petroli ikipungua, hewa inaingia kuziba nafasi yake. Mimi nilikiziba. Kwa hiyo pampu ndogo ilikuwa inavuta petroli, tenki nalo linaivuta irudi, na baada ya dakika 20 tenki linashinda. Ukiiacha nusu saa, hewa inapenya kidogo kidogo pembeni. Na kila mara shemeji alipofungua kuangalia kama petroli ipo, palepale alikuwa ameshaiponya. Plagi, chujio, kabureta, vyote vilipewa sifa kwa kazi iliyofanywa na "petroli ipo".

Nikaitoa nailoni, nikaitia mfukoni. Nikamtazama mwanangu. Yeye akautazama mfuko.

Ningekuwa mtu mwema ningempigia shemeji palepale. Lakini fikiria: watu wanne kwa magoti. Mke wangu. Skrubu tano mdomoni. Nilikuwa bado natafuta maneno ya kuanzia pale shemeji alipotokea na koili mpya mkononi, jasho linamtiririka, uso umeng'aa.

Alichomoa kwanza waya wa plagi, akafungua kava la injini, akaifunga koili yake karibu na gurudumu la sumaku, akaweka kadi nyembamba katikati kupata mwanya, akakaza. Nikawasha. Nikakata nyasi dakika 20. Dakika 30. Nikamaliza uwanja wote, nikapita tena sehemu ambazo hazikuhitaji. Shemeji amesimama kivulini, mikono kiunoni, anatikisa kichwa kwa kuridhika. Suruali yangu ilikuwa imelowa petroli mpaka gotini.

Nikaja mpaka alipo, injini bado inanguruma, visu bado vinazunguka.

"Umeona, shemeji?" akapaza sauti. "Koili!"

"Nimeona, shemeji!"

"Baba," akaanza mwanangu, "na ile nailo..."

"Kamletee mjomba wako maji!" nikasema, nikainuka haraka kumpa shemeji mkono wa shukrani.

Mashine ikazima.

Kukawa kimya. Rangi ilimtoka shemeji usoni. Mkono wangu ulibaki hewani, wake ulikuwa tayari uko kwenye mfuniko wa tenki, anafungua aone kama petroli ipo. Mwanangu alikuwa ameshafika mlangoni. Akageuka, akaweka viganja mdomoni, akaita kwa sauti ya mtu aliyesubiri wiki nzima:

"Makalio, baba! Makalio!"