Kusahau si utoro: VVU na akili ya mgonjwa wa CTC

Kuna mama ntilie mmoja wa Tandika, namfahamu miaka mingi, alikuwa haandiki deni. Bodaboda wa kijiwe kizima wanakula asubuhi, wanalipa jioni, na hesabu zote anazo kichwani. Mwaka jana nikamkuta na daftari. Alishamdai mmoja aliyekwisha kulipa, mwingine akamsahau kabisa. Mwezi huohuo alipitwa na tarehe yake ya CTC, kliniki ya wanaoishi na VVU, na alipofika akaitwa mtoro mbele za watu. Alikuwa amesahau tu. Hakuna aliyemuuliza.

Ndiyo maana nawaelewa wanaotaka kila anayeishi na VVU apimwe kumbukumbu. Virusi hivi huingia kwenye ubongo mapema, vikibebwa na seli za kinga. Seli za neva zenyewe havizivamii. Hujificha kwenye seli zinazolinda ubongo na kuzichochea, na uchochezi huo wa miaka ndio unaochosha neva za jirani. ARV zimepunguza sana ule ugonjwa mzito wa kupoteza akili uliokuwa ukionekana zamani. Kinachobaki ni cha taratibu: mtu anapoteza hesabu, anachelewa kujibu, anasahau kidonge. Akisahau kidonge, virusi vinapanda, na ubongo unazidi kuumia.

Kipimo cha kuanzia hakihitaji mashine. Kile kinachoitwa IHDS, kipimo kifupi cha kumbukumbu na wepesi wa akili kwa wenye VVU, kilichochapishwa 2005 baada ya kujaribiwa Marekani na Uganda, kinampa mgonjwa maneno manne ayakumbuke, kisha agusanishe kidole gumba na cha shahada haraka awezavyo kwa sekunde 5, kisha afuatanishe ngumi, kiganja na ubavu wa mkono. Alama za juu kabisa ni 12. Mwenye 10 kushuka chini anahitaji uchunguzi zaidi. Muuguzi anaweza kukifanya pale pale mezani.

Lakini wanaopinga nao wana hoja, na kwangu hoja yao ni nzito zaidi. Utafiti wa CHARTER wa Marekani, uliochapishwa 2010, uliwapima watu 1,555 wenye VVU na kukuta asilimia 52 wana upungufu. Takwimu hiyo inatisha mpaka uifungue ndani: ukiwaondoa wenye maradhi mengine mazito yanayovuruga akili, asilimia 33 walikuwa na alama za chini tu huku maisha yao yakienda vizuri, na waliopoteza akili kweli walikuwa kama asilimia 2. Vigezo vilivyotumika, vya 2007, vinaweza kumnasa takribani mtu mmoja kati ya watano hata kama hana tatizo lolote. Mwaka 2023 jopo la wataalamu wa nchi mbalimbali likapendekeza alama za chini peke yake zisiitwe ugonjwa.

Sasa lete jambo hilo Dar. Mtu aliishia darasa la nne, kagombania daladala alfajiri, hajanywa chai, yuko kwenye foleni tangu saa moja. Mwambie akumbuke maneno manne. Akikosa, umempima virusi au umempima njaa? Na ukishamwandikia tatizo la akili juu ya VVU, habari ikifika mtaani, nani atamwachia sanduku la kikoba?

Halafu kusahau kuna sababu nyingine nyingi, na baadhi zinatibika: sonona, pombe, presha, usingizi mbovu. Efavirenz, dawa ya VVU waliyomeza wengi kabla Tanzania haijaanza kuhamia dawa nyingine, dolutegravir, mwaka 2019, ilijulikana kwa kuvuruga usingizi na kuleta ndoto za ajabu. Tukikimbilia kuvilaumu virusi, haya yote yanapita bila kuguswa.

Mimi ningeanza na swali, kila hudhurio: kuna kazi ulikuwa unaifanya bila shida, siku hizi inakushinda? Anayejibu ndiyo, apimwe, na alama zake zilinganishwe na zake mwenyewe za baadaye, maana vipimo vilivyotungwa kwa watu wa kwingine havimjui. Na anayekosa tarehe aulizwe hivyohivyo kabla hajaitwa mtoro. Yule mama wa Tandika angelijibu hata kabla hajakaa kwenye kiti.