Mhandisi wa miaka 60 kaisha? Nani kasema?

Kwenye sherehe ya kumuaga mstaafu, mshereheshaji kamgeukia mhandisi aliyesimamia barabara za mkoa ule miaka nenda rudi, akamwambia: "Mzee wetu, sasa kazi yako ni kula mafao na kulea wajukuu." Ukumbi mzima ukacheka, akakabidhiwa friji na bati. Mimi sikucheka. (Kula mafao, kwa kikokotoo hiki cha pensheni? Haya, hilo tuliache.)

Nilikuwa namuwaza Othmar Ammann. Mswisi, kazaliwa 1879, kasoma uhandisi Zurich, akahamia Marekani mwaka 1904. Ndiye aliyesanifu daraja la George Washington, lililofunguliwa New York mwaka 1931: mita 1,067 kutoka mnara hadi mnara, karibu mara mbili ya rekodi iliyokuwapo. Mwaka 1939 akastaafu utumishi. Ana miaka mingapi? 60! Umri uleule ambao sisi tunamfungia mtu friji.

Mwaka uliofuata daraja la Tacoma Narrows, hukohuko Marekani, likayumbishwa na upepo hadi likaanguka. Aliyeitwa kuchunguza, pamoja na wenzake wawili, ni huyo mstaafu. Na kwa nini asiitwe? Ujanani alishiriki uchunguzi wa daraja la Quebec lililoua watu 75 mwaka 1907. Ujuzi wa mtu aliyekwisha kuona chuma kikisaliti hesabu haukai kitabuni. Unakaa kwenye kichwa cha mzee, na mzee akiondoka, anaondoka nao. Kwetu nani anajua kalvati lipi lilizidiwa na mvua za El Niño za 1997, na kwa nini? Faili limeliwa na mchwa. Anayejua tumempa bati.

Ammann hakuishia hapo. Mwaka 1946 akafungua kampuni na Charles Whitney, kisha akasanifu daraja la Verrazzano-Narrows, New York: mita 1,298 kutoka mnara hadi mnara, umbali uliozidi wa madaraja yote duniani hadi 1981. Minara yake imeachana zaidi juu kuliko chini kwa sentimita nne hivi, kwa sababu dunia ni mviringo! Lilifunguliwa Novemba 1964, yeye ana miaka 85. Siku hiyo Robert Moses, bosi wa mamlaka iliyolijenga, alimmwagia sifa, akamwomba asimame apigiwe makofi, akasahau kumtaja jina. Kumbe dharau kwa wazee si yetu peke yetu.

Najua mtasema vijana wanasota na vyeti mtaani. Kweli, na inaniuma. Nakubali pia, shingo upande, kwamba si kila mzee ana afya na mtaji wa kufungua kampuni. Lakini nani kasema abaki kwenye kiti? Ammann mwenyewe kiti alikiachia. Mpeni mkataba wa ushauri wa siku chache kwa mwezi, atembee na hao vijana site. Posho za semina moja tu zingetosha.

Hamtafanya. Masika ikizoa kalvati mtampigia simu saa nane usiku, na mtataka aje bure.