Hedifoni nafuu za Bluetooth: tazama sponji kabla ya betri

Maduka ya simu ya Mwanga, hapa Kigoma mjini, siku hizi hayauzi simu na chaja peke yake. Mlangoni zimetundikwa hedifoni za Bluetooth, zile kubwa za kuvaa kichwani, nyeusi, nyekundu na za bluu, na kwa chini ya shilingi elfu thelathini unaondoka na yako. Vijana wananunua, wazazi wanalalamika kwamba ni pesa ya kutupa. Fundi simu anayezifungua mezani kwake atakwambia hazina maisha. Mwanafunzi anayepanga chumba ukuta kwa ukuta na mashine ya kusaga atakwambia bila hizo asingesoma kabisa. Kila upande una haki yake, ila wote wanabishania besi na betri, na mimi naona ubishi huo umeruka jambo la kwanza. Jambo la kwanza ni sponji: je, inalifunika sikio au inalikalia tu?

Nitafika huko. Kwanza faida, maana ni za kweli na wanaozibeza mara nyingi ni watu wanaofanya kazi wameketi ofisini. Iyafoni za waya za elfu mbili au tatu hufa sehemu moja, pale waya unapoingia kwenye pini. Upande wa kulia unanyamaza, unaushikilia kwa kidole, wiki ya pili unanunua nyingine. Kwa fundi cherehani, waya unaoning'inia karibu na gurudumu la mashine ni kero na ni hatari. Kwa seremala, kwa dada anayesuka nywele, kwa mama anayegeuza migebuka kwenye kikaango huku simu iko mbali na mafuta, kuondoka kwa waya ni nafuu ya kazi, wala usiiite anasa.

Halafu kuna tundu la memori kadi na redio ya FM. Hedifoni nyingi za bei ya chini zinavyo vyote viwili, wakati za bei kubwa zinazosifiwa mitandaoni mara nyingi hazina hata kimoja. Mwenye kitochi anaweka memori yenye mawaidha, kwaya au taarabu na anasikiliza bila bando na bila kumaliza chaji ya simu. Mlinzi wa usiku anapata taarifa ya habari. Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, ina zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam, na abiria wa daraja la tatu analala njiani. Kwake, kifaa kinachocheza chenyewe huku simu imezimwa kutunza chaji kina thamani ambayo mpimaji wa sauti aliyeko London hawezi kuiona.

Sasa sponji. Hedifoni za kichwani ziko za aina mbili, na dukani zote huitwa kubwa. Moja ina vikombe vinavyolizunguka sikio zima, sponji inagusa fuvu na taya, sikio linabaki ndani. Nyingine ina vikombe vidogo vinavyokaa juu ya sikio lenyewe na kulibana. P47, ambayo pengine ndiyo inayojulikana zaidi katika masoko yetu, ni ya aina ya pili. Na suala hili si la umaskini tu: JBL Tune 510BT, inayosifiwa kwa betri ya saa 40, nayo hukaa juu ya sikio, na Sony WH-CH520 yenye saa 50 ni vivyo hivyo. Kwa hiyo mtu anaweza kuongeza pesa mara tano na bado asipate cha kufunika sikio, kwa sababu aliuliza saa za betri na hakuuliza umbo la kikombe.

Kwa nini nalishikilia jambo hili? Sauti ya besi inahitaji hewa iliyofungiwa kati ya spika na ngoma ya sikio. Sponji isipoziba vizuri, besi inavuja, na kelele za nje zinaingia kwa mlango huohuo. Msikilizaji anafanya kitu kimoja tu kinachowezekana: anaongeza sauti. Stendi, sokoni, kwenye bajaji, kila mahali anapandisha kidogo, na akishazoea hashushi tena. Sikio linagharimia pengo ambalo sponji imeliacha.

Shirika la Afya Duniani limeweka kipimo kinachoeleweka. Sauti ya desibeli 80 (desibeli ni kipimo cha ukali wa sauti) unaweza kuisikiliza saa 40 kwa wiki. Ikifika desibeli 90, muda huo unashuka hadi saa 4 tu kwa wiki nzima. Sababu ni kwamba kila desibeli 3 zinazoongezeka huongeza nguvu ya sauti maradufu, hata kama sisi tunaisikia kama imepanda kidogo. Kwa watoto, kipimo cha saa hizo 40 ni desibeli 75. Shirika hilohilo linasema vijana zaidi ya bilioni moja wa umri wa miaka 12 hadi 35 duniani wako katika hatari ya kupoteza usikivu kwa mambo ya namna hii. Vinyweleo vya ndani ya sikio vinavyogeuza sauti kuwa taarifa kwa ubongo vikishakufa havioti tena. Masikio yanayovuma usiku baada ya kuvua hedifoni ni onyo, si uchovu.

Hapo ndipo ile faida niliyoisifu inageuka. Simu nyingi za Android zinakuonya unapopandisha sauti kupita kiwango fulani. Memori kadi ikiwa ndani ya hedifoni, simu haipo, na onyo halipo. Hedifoni yenyewe itakwenda hadi mwisho wa uwezo wake bila kusema neno. Ukimpa mtoto wa darasa la tano P47 yenye memori ili akae kimya safarini, umempa spika isiyo na breki na isiyoziba kelele za basi. Siwezi kulisema hili kwa upole zaidi. Kipimo cha nyumbani ni chepesi: ukiwa umbali wa mkono mmoja ukasikia wimbo anaousikiliza, mwambie ashushe.

Wanaotetea iyafoni za kuchomeka sikioni wana hoja nzuri hapa, nami nawapa haki yao. Zile zenye vipira vya silikoni, zikilingana na tundu la sikio, huziba kelele kuliko hedifoni nyingi za bei nafuu, tena kwa bei ndogo. Isipokuwa si kila sikio linazivumilia kwa saa nyingi, na mwenye sikio linalotoa usaha hapaswi kulichomeka kitu. Kikombe kinachofunika kinaliacha tundu wazi. Kuazimana nako ni rahisi zaidi, ingawa sponji iliyolowa jasho la watu watatu inahitaji kufutwa.

Kuna neno lingine linalouza sana kwenye maboksi: kuzima kelele. Hapa mnunuzi anadanganywa kuliko mahali popote. Teknolojia ya kweli ya kuzima kelele ina vinasa sauti vidogo kwenye vikombe. Vinasikia mngurumo wa nje, kisha spika inatoa wimbi lililo kinyume chake, na mawimbi mawili yanauana. Amar Bose alilifikiria jambo hili akiwa ndani ya ndege mwaka 1978, na hedifoni za kwanza za kampuni yake kwa marubani zilianza kuuzwa 1989. Chimbuko lake ni injini, na hadi leo linafaa zaidi kwa injini: sauti nzito, inayonguruma bila kubadilika. Anayepanda boti kutoka Kibirizi kwenda Kagunga, saa kadhaa kando ya mashine, angefaidika nalo kweli. Anayekaa sokoni Mwanga hatafaidika sana, kwa sababu makelele ya watu, honi na wapiga debe hubadilika kila sekunde na mengi yake ni sauti nyembamba, ambazo huzuiwa na sponji nzito kuliko na umeme.

Muuzaji atakwambia, "Kaka, hii inazima kelele zote, jaribu." Basi jaribu, lakini bila muziki. Hedifoni yenye uwezo huo kwa kawaida ina kitufe chake peke yake. Simama karibu na feni au jenereta, ivae, kisha bonyeza. Mngurumo ukishuka ghafla, amesema kweli. Usiposhuka, unacholipia ni maandishi ya boksi. Zipo za bei ya kati zinazoifanya kazi hii, kama Soundcore Life Q20, iliyoingia sokoni kwa dola 60 hivi na inafunika sikio zima. Kwa mtu wa Kigoma hiyo ni pesa ya kujipanga, na huenda ikabidi kuiagiza Kariakoo ije na basi. Za elfu thelathini kushuka chini, achana kabisa na neno hilo.

Kwa wanaorekodi muziki nitakuwa mfupi: hedifoni isiyo na waya haifai kuimbia wala kupigia ala. Sauti ya Bluetooth huchelewa, mara nyingine hadi sehemu ya tano ya sekunde, na mwimbaji anayejisikia kwa kuchelewa hupoteza mdundo. Wala usichanganyie wimbo kwa hedifoni iliyopandishwa besi kiwandani. Utaipunguza besi ukidhani imezidi, na wimbo ukipigwa redioni utakuwa mkavu. Unapoongea na simu nako sauti huwa mbaya kwa sababu inayoeleweka: kinasa sauti kinapowashwa, Bluetooth huhamia njia nyembamba iliyotengenezwa kwa mazungumzo, na muziki uliokuwa unasikika vizuri unageuka wa redio mbovu. Hakuna kilichoharibika.

Betri ni ubishi unaostahili muda kidogo. Betri ya lithiamu hupungua uwezo baada ya kuchajiwa mamia ya mara, hilo halikwepeki. Kinachoweza kukwepeka ni kuiacha imekufa kabisa kabatini miezi kadhaa, au kuiacha juani kwenye dashibodi. Na kuna jambo linalowafanya watu watupe hedifoni nzima: nyingi za bei nafuu zenye tundu la Type-C hazipokei chaji kwa waya wenye Type-C pande zote mbili, kwa sababu mtengenezaji amebana matumizi kwa kutoweka vifaa vidogo viwili vya ndani. Tumia waya wenye USB ya kawaida upande wa chaja kabla hujasema imekufa. Ikifa kweli, usikimbilie kununua nyingine. Mafundi wetu wanabadilisha betri hizi, na katika hilo hedifoni kubwa inaishinda iyafoni ndogo isiyo na waya, ambayo mara nyingi haifunguki bila kuvunjika. Pia hakikisha ina tundu la waya wa pini ya kawaida. Umeme ukikatika na chaji ikaisha, kwa waya bado utasikiliza, maana simu nyingi za bei ya chini zinazouzwa hapa bado zina tundu hilo.

Kuhusu feki, jina kubwa kwa bei ya karanga ni jibu tosha. Shirika la Viwango na Tume ya Ushindani wapo kisheria, lakini bango la "mali ikiuzwa hairudishwi" ndilo linalokukabili ukutani, kwa hiyo ukaguzi wako ufanyike pale pale kwenye kaunta: unganisha na simu yako mwenyewe, sikiliza pande zote mbili, kunja na kukunjua bawaba, dai risiti.

Vaa pia namna unavyovaa siku zote. Hili wauzaji hawalisemi. Dada wa Ujiji anayevaa hijabu akiweka kikombe juu ya kitambaa, sponji haizibi tena, na yote niliyoeleza juu ya besi kuvuja yanamhusu moja kwa moja. Kitambaa chepesi kinapunguza tatizo, na kuivaa chini ya mtandio kunaliondoa. Miwani yenye miguu minene hufanya vivyo hivyo, na rasta nene nazo. Na joto lipo. Mchana wa Septemba, kabla mvua hazijaanza, kikombe kinachofunika sikio kinatoa jasho, na hapo za kukaa juu ya sikio zinapumua vizuri zaidi. Hiyo ni hoja yao ya haki. Barabarani sina cha kupima: bodaboda aliyeziba masikio yote mawili hasikii honi ya lori nyuma yake, na abiria aliyembeba hakuombwa ruhusa.

Kwa hiyo ningenunua? Ndiyo, kwa anayesoma, anayefanya kazi ya mikono mahali pamoja, au anayesafiri mbali, mradi kikombe kifunike sikio na waya uchomekeke. Nisingemnunulia mtoto yenye memori. Mwenye iyafoni za waya zinazomtosha, abaki nazo.

Lakini kuna kitu kinanisumbua. Sponji za hedifoni hizi zimevikwa ngozi bandia, na ngozi hiyo huoza kwa unyevu na jasho. Hapa kwetu, pembeni ya ziwa, huanza kubanduka vipande vyeusi vinavyoganda shavuni wakati betri bado nzima na spika bado nzima. Ikishabanduka haizibi, na tumerudi kwenye kuongeza sauti. Sponji mpya ni kitu chepesi, huchopekwa kwa vidole bila fundi, na zipo za kitambaa zinazostahimili jasho kuliko ngozi bandia. Wenye maduka ya Mwanga na wa Ujiji, mnaojaza rafu kwa kava za simu za kila rangi, leteni sponji. Pimeni kipenyo cha hedifoni mnazouza zaidi, agizeni za saizi hizo, na mziweke kaunta pamoja na chaja. Mteja akija na hedifoni iliyobanduka, muuzieni sponji kabla hamjamwonyesha hedifoni mpya.