Mto wa bondeni upewe upana, usiongezwe kina

Kila baada ya masika makubwa, kwenye mabonde ya mpunga ya Pemba hutoka ombi lile lile: kiletwe kijiko, mto unyooshwe, uchimbwe chini, maji yaende zake baharini. Ombi linaeleweka. Mpunga uliozama siku nyingi huoza, na ulioiva ukilala majini huota ungali kwenye masuke. Lakini mtaro ulionyooka wa mita moja na nusu kwenda chini hauchukui muda kubomoka kingo zake. Tope linashuka mikokoni, na kiangazi kikifika, udongo wa kinamo unapasuka kwa sababu mtaro umeshayanyonya maji yote ya chini.

Kwa maoni yangu kazi hizi mbili zitenganishwe. Shamba litolewe maji na vitaro vifupi vinavyoweza kufungwa, na mto wenyewe urudishiwe umbo lake.

Tuanze na hesabu. Mvua ya milimita 50 kwenye hekta moja ni mita za ujazo 500. Ukitaka ziondoke kwa saa 24 unahitaji kupitisha lita 6 hivi kwa sekunde. Kwa bonde la hekta 20 ni lita 120. Mkondo wenye upana wa sentimita 60 chini, kina cha sentimita 40, kingo zinazolala sentimita 60 kwenda nje, na mteremko wa sentimita 10 kwa kila mita 100, unapitisha kama lita 160. Ni mtaro mtu anaouruka. Balaa hasa ni maji ya vilimani, yale yanayoteremka kwenye mikarafuu na kuingia bondeni kwa mkupuo mmoja.

Hayo dawa yake ni vibaraza: bapa la udongo la mita 2 kila upande wa mkondo, juu kidogo ya maji ya siku zote, kisha ndipo upande ukingo wa juu. Mto ukifura unapanda kibarazani, unatandaa, unapoteza nguvu na kuacha tope pale pale. Mvua ikikatika unarudi kwenye mkondo wake mwembamba. Njia ya zamani ya mto ikiwa bado inaonekana, ifuatwe na mapindo yake yote.

Gharama yake ni ardhi. Vibaraza viwili kwa kilomita moja vinameza mita za mraba 4,000, yaani karibu eka moja, na hapo ndipo sheha, kiongozi wa shehia, atakapopata kazi. Pande zote mbili zitoe sawa, na kila mtu abaki na haki ya kukata majani ya ng'ombe kwenye kipande chake. Majimbi hapana. Kuyang'oa ni kutifua udongo, na mvua inayofuata itauchukua.

Uchimbaji ufanywe Januari na Februari, kuanzia chini kupanda juu, ili maji yapate pa kutokea. Udongo uliotolewa usirundikwe ukingoni: unageuka tuta linalozuia maji ya shamba yasiingie mtoni, kisha nusu yake inarudi mtaroni. Usambazwe mbali. Kwenye mapindo, mguu wa ukingo uzibwe kwa makumbi yaliyofungwa kwa kamba za usumba na kushikizwa kwa vigingi vya mvinje. Yakioza, majani yatakuwa yameshashika.

Vitaro vya shambani viishie kwenye kisanduku cha zege chenye mifereji miwili ya kupachikia mbao za sentimita 15, moja juu ya nyingine. Zinawekwa baada ya kupandikiza, zinatolewa siku 10 hadi 14 kabla ya kuvuna, na baada ya mavuno ubao wa chini unarudishwa. Huo wa mwisho ndio unaosahaulika, nao ndio unaoweka maji ya chini ya ardhi juu ili chumvi isipenye. Pale maji yanapodondokea mtoni pawekwe mawe, la sivyo panachimbika shimo na kisanduku kinainama.

Karibu na bahari kanuni zinabadilika. Ukikutana na tope jeusi lenye harufu ya yai viza, simama hapo hapo. Tope hilo likipata hewa linatoa asidi, maji yanakuwa na rangi ya kutu na mpunga unakufa. Litoe bonge moja, likauke kwa wiki kadhaa, ulipime: pH, yaani kipimo cha asidi, ikishuka chini ya 4, pasiguswe. Bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, nayo ina tofauti ya mita 4 hivi kati ya kujaa na kupwa, kwa hiyo vitaro vifungwe milango ya bawaba inayojifunga maji yakijaa. Kikuti kimoja kikikwama tu, chumvi imeingia. Ikaguliwe kabla ya kila bamvua.

Mto wenyewe usiwekwe mlango. Wako kamba wa maji baridi wanaohitaji kushuka kwenye maji ya chumvichumvi ili wazaane, na kamba hao hula konokono wanaobeba vijidudu vya kichocho. Senegali walimaliza bwawa la Diama, karibu na mdomo wa Mto Senegal, mwaka 1986, kamba wakakatiwa njia, na miaka michache baadaye kichocho kikalipuka Richard Toll, mji wa juu zaidi kwenye mto huo huo.

Kwa Unguja na Pemba, ambako kichocho kimepigwa vita miaka mingi, hili si jambo la pembeni. Konokono wake hupenda maji yaliyotulia yenye majani. Mkondo wa zaidi ya sentimita 30 kwa sekunde huwang'oa. Kiangazi mkondo wetu hautafika kasi hiyo kila mahali. Basi pale watu wanapovuka na kufulia, ubanwe kwa mawe hadi upana wa sentimita 30, majani yafyekwe, na liwekwe daraja la magogo ili mguu usiguse maji. Kwengine michikichi ipandwe itie kivuli, maana kivuli hupunguza majani ya majini. Na mtaalamu akija na mchoro wa vidimbwi vya kupendezesha bonde, avifute kwanza ndipo mazungumzo yaendelee.