Mshipa uliokaa kombo si sababu ya kuinyima Kondoa dawa

Wapo wanaosema mgonjwa wa shambulio la moyo asipewe dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda huko wilayani Kondoa. Akimbizwe Hospitali ya Benjamin Mkapa, jijini Dodoma, azibuliwe mshipa kwa mrija kwenye mtambo, kwani huenda mishipa yake ya moyo imekaa tofauti na ya wengine.

Tofauti hizo zipo. Kwa takriban mtu 1 kati ya 100, mshipa mmojawapo wa moyo huanzia pasipo pake. Wa kulia, kwa mfano, huchipukia upande wa kushoto wa aota, mshipa mkuu unaotoa damu moyoni. Daktari anapitisha mrija mkononi, anaufikisha alipotarajia mlango wa mshipa, anasukuma dawa ya rangi: kimya. Umeziba mwanzoni kabisa, au haupo hapo? Anachomoa, anajaribu mrija wenye mkunjo mwingine, na dakika zinakatika.

Basi huyu ndiye atakayechelewa hata akishalala mezani! Mwongozo wa Ulaya unasema mtambo ni bora iwapo mshipa utazibuliwa ndani ya dakika 120 tangu ECG, kipimo cha umeme wa moyo, ionyeshe tatizo. Isipowezekana, dawa iingie ndani ya dakika 10. Sasa toka Kondoa na hizo 120. Barabara pekee ni zaidi ya kilomita 150. Kabla yake kuna kuandika rufaa, kumtafuta dereva, mafuta, ndugu wa kusindikiza. Mwisho wake kuna mapokezi na, kama ni usiku, kuwaita wataalamu kutoka majumbani. Dawa hupitia sindano ya mkononi na kufuata damu. Haiulizi mshipa umeanzia wapi.

Wanaopinga hawasemi ovyo. Dawa hushindwa kwa wengi, na karibu 1 kati ya 100 huvuja damu kwenye ubongo. Aliyewahi kuvuja humo hapewi kabisa. Tena mshipa unaobanwa kati ya aota na mshipa mkuu wa mapafu hauhitaji kuyeyushiwa kitu, unahitaji picha ya CT na pengine upasuaji. Ila hao ni wachache. Na aliyeko Ng'ong'ona, jirani na mtambo, apelekwe moja kwa moja, hakuna ubishi.

Wa Kondoa apewe dawa na rufaa ianze papo hapo. Ikifanya kazi, mishipa ipigwe picha kati ya saa 2 na 24. Atakayeupata mlango aandike uko wapi na ni mrija gani ulioingia, nakala apewe mgonjwa. Akipatwa tena akiwa Mwanza, daktari wa huko asianze kuutafuta upya.