Swift Sport kama gari la kila siku Dar: ugomvi hauko kwenye spidi

Ukitaja mbele ya watu wa Dar es Salaam kwamba unafikiria kununua Suzuki Swift Sport au Volkswagen Golf GTI, utaulizwa: "Sasa utaikimbizia wapi?" Swali lina haki yake. Kwenye maeneo ya makazi mwisho ni kilomita 50 kwa saa, askari wa tochi hawachoki, faini ni shilingi 30,000 kwa kosa, na jioni Barabara ya Bagamoyo inamfanya mwenye Golf na mwenye Bajaji wafike pamoja. Ila wanaouliza hivyo wanadhani gari la aina hii hununuliwa kwa ajili ya spidi ya mwisho, na hapo ndipo hesabu yao inapopinda.

Chukua Swift Sport iliyoanza kutengenezwa 2017, ile wanaoagiza magari wanaiita ZC33S. Injini yake ni ya cc 1,371 yenye turbo, nguvu ya farasi 140, na ile ya gia za mkono ina uzito wa kilo 970. Msukumo wake wote, Nm 230, unapatikana kuanzia mizunguko 2,500 tu ya injini kwa dakika, kwa hiyo huhitaji kuikamua injini ili gari liitike. Raha yake unaionja hata ukiwa spidi 40: usukani ni mwepesi lakini hauna ubishi, na daladala ikisimama ghafla mbele yako unajitoa pembeni bila gari kuyumba. Hakuna tochi inayopiga faini ya kukata kona vizuri.

Wapenzi wa GTI hawatanipenda hapa. GTI ya kwanza, iliyoingia sokoni 1976, ilikuwa na farasi 110 na uzito usiofika kilo 900. Golf imenenepa tangu wakati huo. GTI ya kizazi cha tano ina farasi 200 na inavuka kilo 1,300. Kwa safari ya Dodoma ningeichagua hiyo bila kufikiri mara mbili, na buti lake linabeba gunia la mchele na mabegi ya watoto kwa pamoja, jambo ambalo Swift haiwezi. Lakini nguvu zote hizo zinaanza kunoga kwenye spidi ambayo tayari ni kosa. Kwa mjini, gari jepesi lenye nguvu ya kiasi ndilo linalokupa zaidi.

Basi kwa nini barabara zimejaa Toyota IST? Wengi watataja spea na mafuta. Mimi naanza na tairi. IST nyingi zinavaa 185/65R15, yaani ukuta wa tairi una urefu wa milimita 120 hivi. Swift Sport inavaa 195/45R17: ukuta ni milimita 88. Hizo milimita 32 zinazopungua ndizo zilizokuwa zimeze shimo kabla halijafika kwenye rimu. Ongeza kwamba tumbo la Swift Sport liko milimita 120 tu kutoka ardhini, kisha fikiria matuta ya mtaani yaliyojengwa na wananchi wenyewe bila kipimo, au njia za ndani za Goba na Kinyerezi baada ya masika. Rimu inapinda, bampa linakwanguka, shokapu zinachoka kabla ya wakati.

Dawa ya kienyeji ni spesa, vile vipande vya kuliinua gari, kama tunavyozinyanyua IST zetu. Sishauri. Ukishaliinua, ule utulivu wa kwenye kona uliolipia umeuharibu kwa mkono wako. Afadhali rimu ndogo za inchi 16 na tairi lenye ukuta mrefu kidogo. Unapoteza sura, hupotezi gari.

Kwenye spea, magari haya hayafanani. GTI inataka fundi mwenye kompyuta ya kuisoma, mafuta ya giaboksi ya DSG (ile inayobadili gia yenyewe) yabadilishwe kila kilomita 60,000, na kwenye injini ya kizazi cha tano kuna kikombe kidogo kinachosukuma pampu ya mafuta ya presha, ambacho kikilika bila kukaguliwa kinaharibu hadi kamshafti. Mafundi wanaolijua hilo wapo, ila siyo kila gereji ya chini ya mwembe. Swift ina nafuu, ingawa bampa na taa za Sport si zile za Swift ya kawaida, na ukigongwa unaweza kuzisubiri kutoka Japani. Na kumbuka turbo yake ilitengenezewa petroli ya daraja la juu ya Japani. Ukiijaza mafuta ya kubahatisha, usiilaumu ikipoteza makali.

Kodi haiamui mengi: ushuru wa bidhaa kwa injini ya kati ya cc 1,000 na 2,000 ni asilimia 5, iwe Swift, Golf au IST ya cc 1,300. Kinachouma ni ushuru wa uchakavu, asilimia 15 kwa gari la miaka 8 hadi 10 na asilimia 30 likizidi hapo.

Kuna njia ya katikati ambayo watu wanaipita bila kuiona: Toyota Vitz RS ya gia za mkono. Ina injini ya 1NZ-FE ya cc 1,500, ileile ya IST ya cc 1,500, farasi kama 110, na spea zake zimejaa Kariakoo na Ilala. Haina turbo wala jina. Kama nyumbani kwako lami haifiki, ningeanzia hapo, au ningebaki na IST.

Aliye kwenye lami, na ambaye mwenza wake anaendesha gia za mkono, sioni cha kumzuia asichukue Swift Sport, mradi ajue kwamba siku ya kuuza atasubiri mteja zaidi ya mwenye IST. Kabla ya kutuma hela Japani, mwombe mwenye nalo mpite njia ya kwako mkiwa wanne ndani ya gari. Bampa likikwangua siku hiyo, litakwangua kila siku.